Shafti Isiyotoa Jasho

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mikaeli aliinusa kabla hajasikia kitu: harufu ya vanishi ya waya inayoungua, ambayo fundi wa mota huijua kama mpishi anavyojua ugali unaoungulia chini. Mota ilikohoa mara mbili, ikatetemesha mbao, ikanyamaza. Ilikuwa saa nane mchana, na chelezo kilikuwa katikati ya Mto Pangani, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliyomeza kingo zote mbili. Mkondo ulikishika ubavuni ukaanza kukipeleka chini, upande wa Hale, kwenye miamba.

"Imezima?" aliuliza Nasinkoi.

"Imekufa. Shika upondo!"

Nasinkoi alikuwa mfugaji wa nyika za Handeni, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, na maji mengi kuliko yote aliyoyazoea ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Hata hivyo alishika upondo. Aliuchomeka kushoto, haukugusa chini. Aliuchomeka kulia, ukagusa, ukapinda, ukamponyoka. Katikati ya chelezo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi Bernadina, mkunga mstaafu kutoka Kwashemshi, begi lake la kazi limefungwa kwa nailoni mapajani. Huyu hakupiga kelele.

"Mti mbele," alisema. "Inameni."

Walilala kifudifudi. Matawi ya mgunga yaliwapita juu yakiwachana nguo. Pipa la mbele liligonga kitu kigumu, chelezo kikazunguka, na Mikaeli akarusha mkono kudaka shina. Alilidaka, lakini pamoja nalo alidaka mwiba wenye urefu wa kidole, ukazama kiganjani ukatokea upande wa pili. Alipiga ukelele wala hakuuonea haya. Shina hakuliachia.

Kile kitu kigumu kilikuwa kichuguu. Kilisimama juu ya maji kama mgongo wa kiboko, upana wake hauzidi chumba kimoja, na juu yake ule mgunga mmoja. Waliburuta chelezo mpaka nusu yake ikakaa kwenye udongo, wakakifunga kwa kamba ya katani. Kisha wakatazama walipo. Nyuma yao, mbali, milima ya Usambara ilikuwa na wingu kichwani. Mbele, upande wa Handeni, kulikuwa na mkono mwingine wa mto, hatua mia nne hivi za maji yanayokimbia, na ng'ambo ya huo mkono mstari wa miti na moshi mwembamba.

"Ule moshi ni kwetu," alisema Nasinkoi.

Kwenye ule moshi alikuwa binti yake, Ruthi, mwenye mimba ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mtoto alikuwa amelala kiubavu. Nasinkoi alikuwa amevuka juzi kwenda kwa dada yake Masuguru, mjini Korogwe, kuchukua chupa ya samli, kwa sababu kwao mzazi hunywa mafuta ili arudishe nguvu. Mvua ikanyesha milimani, mto ukafura, tuta la barabara likakatika, naye akabaki upande usio wake. Simu ya mwisho iliingia saa nne asubuhi. Aliyepiga alisema maneno machache, kwamba Ruthi anazimia, kisha mtandao ukaondoka. Mkunga alipatikana haraka, maana Bernadina alikuwa kwa mwanawe pale pale Masuguru. Chombo cha kuvuka kilikuwa kimoja tu, na mwenye nacho alikuwa mtu ambaye Nasinkoi alikuwa ameapa asimpe tena hata salamu.

Mikaeli alikuwa fundi wa kusuka upya waya za mota, na alikuwa mtu wa shaka kuliko watu wote wa Masuguru. Alishuku mizani ya duka. Alishuku salamu ikirefuka. Kila nati aliyoifunga aliitia alama ya rangi nyekundu ya kucha, mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa mashine, ili mtu akiigusa ijulikane. Hata chelezo chenyewe alikijenga kwa shaka: mwaka uliopita ng'ombe walikula ekari yake ya mahindi ng'ambo ya mto, naye aliamini, bila ushahidi wowote, kwamba walikuwa ng'ombe wa boma la kina Nasinkoi. Akafunga mapipa manne ya plastiki chini ya mbao, akatundika chini yake mota ndani ya bomba la inchi nne, akaiita Kambale kwa kuwa ingeishi kwenye tope, yote hayo ili awe anavuka kwenda kulinda shamba.

Nasinkoi naye alikuwa na lake. Mwaka huohuo alimpelekea Mikaeli mota ya pampu ya sola ya kisima chao aitengeneze. Ilirudi, ikavuta maji siku kumi na tisa, ikaungua. Boma zima lilisema fundi ametoa waya wa shaba akaweka wa aluminiamu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa waliumwa wote wawili, kila mmoja akiwa na hakika kuwa nyoka ni mwenzake.

"Leta huo mkono," alisema Bernadina. Aliuvuta mwiba kwa mara moja bila kumwonya, akamwaga dawa, akafunga bendeji. "Vidole vinacheza?"

"Vinacheza kidogo."

"Basi vitosheke na hicho kidogo. Maji yanapanda."

Nasinkoi alikuwa amechomeka kijiti ukingoni. Kilikuwa tayari kimezama nusu. Juu ya shina la mgunga, siafu walikuwa wakipanda kwa maelfu, nao wakikimbia yale yale.

Mikaeli alimtoa Kambale majini akampindua. Muundo wake ulikuwa rahisi. Bomba lilijazwa mafuta ya alizeti ili maji yasipate nafasi ya kuingia kwenye mota. Mrija mwembamba ulipanda kutoka kwenye bomba hadi kwenye chupa ya dripu iliyotundikwa kwenye kijiti juu ya chelezo, chupa ya mafuta ya akiba. Pale shafti ilipotokea kwenda kuzungusha pangaboi la kusukuma chelezo, Mikaeli alisokota nyuzi za mkonge zilizopakwa grisi akazibana kwa nati ya plastiki. Alijifunza hivyo kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa ya kuchambua mkonge, enzi za mashamba.

Aliitazama nati. Mstari mwekundu ulikuwa umekatika. Nusu yake ilikuwa kwenye bomba, na nusu nyingine ilikuwa imezunguka mpaka upande wa pili.

Akaifungua nati kwa shida. Mkonge ndani ulikuwa mkaa mtupu.

"Nani ameigusa hii?"

Aliiinua nati mbele ya wanawake wale.

"Nimeuliza. Tuliposhusha chelezo niliwaacha wawili nikaenda kuchukua betri. Nati hii ilikuwa hapa. Nimeikuta huku. Mtu ameikaza. Mtu anataka nife mtoni!"

"Ukifa wewe na sisi tunakufa," alisema Bernadina. "Tumia akili, baba."

"Ni mimi," alisema Nasinkoi.

Alisimama wima kuisema, mikono kando. Ilikuwa mikono iliyokamua ng'ombe kwa miaka thelathini, na kwa mikono hiyo nati ya plastiki ilikuwa kama kifuniko cha soda.

"Chupa yako ilikuwa inapungua. Niliangalia chini, nikaona mafuta yanatoka pale. Yanavuja. Nikasema huyu fundi ni yule yule, amefunga vibaya kama alivyofunga pampu yetu, na binti yangu atakufa kwa ajili ya uvivu wake. Nikakaza. Ikaacha kuvuja."

"Ilitakiwa ivuje!"

"Kitu gani kinatakiwa kivuje?"

"Hiki!" Mikaeli alimtupia mkonge ulioungua. "Shafti inasugua. Ikisugua bila kulowa inashika moto, mota inavuta umeme mara tatu, inaungua. Lazima itoe tone, tone, tone. Baba yangu alikuwa anasema, shafti isiyotoa jasho inaungua. Mtu mzima unakaza kitu usichokijua!"

Mfugaji wa nyika kavu hajui tone la kuachwa. Kibuyu kikivuja kinazibwa kwa utomvu wa mti, bomba likivuja linafungwa kwa mpira, na mtoto akimwaga maji anachapwa. Nasinkoi aliushika ule mkaa wa mkonge, akaunusa. Uso wake ulibadilika polepole, naye akaketi.

"Na pampu?" aliuliza. "Pampu pia ulifunga hivi?"

"Hivi hivi."

"Ilikuwa inatoa tone. Kila mtu aliyepita aliikaza. Mimi pia niliikaza." Alitazama moshi ng'ambo. "Kwa hiyo shaba yetu hukuichukua."

"Shaba yenu mimi niipeleke wapi?" alisema Mikaeli, lakini hasira ilikuwa imemtoka nusu. Alikuwa ametukanwa mwaka mzima minadani kwa kosa ambalo halikuwa lake, na sasa hapakuwa na hata mtu wa kumsikia akishangilia isipokuwa siafu.

"Mkimaliza," alisema Bernadina, "kijiti kimezama chote."

Mikaeli alivuta gunia lake. Mtu wa shaka hatembei na mota moja. Alitandika shuka la Nasinkoi akapanga juu yake mota tatu, za volti kumi na mbili zote. Betri ya kwanza ilikuwa imenyonywa na mota iliyoungua. Iliyobaki ilikuwa moja, kwa hiyo wangeweza kuchagua mota mara moja tu.

"Hii kubwa," alisema Nasinkoi, akinyanyua ya kwanza. "Ina uzito."

"Ya waipa ya lori. Ina giya ndani. Ina nguvu za kukuvunja kidole, lakini mzunguko wake ni mmoja kwa sekunde. Pangaboi dogo kwa mwendo huo linakoroga uji tu."

"Dume mzee," alisema Nasinkoi. "Anavuta, hafiki."

"Ndiyo." Mikaeli alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kuzungumza naye. Akaigusisha ya pili kwenye betri. Ilipiga kelele kali ikaruka juu ya shuka. "Hii ni ya drili ya kuchaji. Ina kasi na ina nguvu. Lakini imetengenezwa itoboe tundu moja ipumzike. Ukiiambia ifanye kazi nusu saa, inakunywa betri yote na kuungua yenyewe."

"Na ile?"

Ya tatu ilikuwa nyeusi, mviringo, nyepesi. Aliigusisha. Ilizunguka taratibu, karibu bila sauti.

"Ya kipepeo cha ndani ya gari, kile kinachopuliza hewa usoni. Dhaifu. Ila imezaliwa kuzunguka kutwa. Haichoki, haipati joto, inakula umeme kidogo."

"Hiyo inatembea kama mbuzi," alisema Nasinkoi. "Anakula kidogo, anafika."

"Haiwezi kusukuma pangaboi letu. Ni kubwa mno kwake, litaikaba."

"Basi likate pangaboi."

Mikaeli alilifunika pangaboi kwa kiganja kizima. Pangaboi alilikata kwa mkono wake kutoka kwenye bomba la plastiki. Alilijali sana na hakuwa amefikiria kuliumiza. Mota ndogo, mabawa madogo. Ilikuwa sawa kabisa, na ilimuudhi kwamba hakuisema yeye.

Kiganja chake hakikuweza kushika kisu. Nasinkoi alikichukua. Mikaeli alichora mstari kwa rangi ya kucha kwenye kila bawa, na yeye akapunguza, upana wa vidole viwili, akikwangua kingo kama anayelainisha ngozi. Kila alipomaliza bawa alilipima dhidi ya jingine kwenye mwanga. Bernadina alipangusa siafu kwa kanga. Shafti ya mota mpya ilikuwa nyembamba, hawakuwa na kiungo chake, wakaiunga kwa kipande cha mpira wa kupitishia petroli na Nasinkoi akakifunga kwa ukanda wa ngozi alioukata kwenye kiatu chake. Mkonge mpya waliuchomoa kwenye ile kamba ya katani. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu walipomrudisha Kambale mahali pake.

"Mafuta," alisema Mikaeli. Ile chupa ilikuwa imebaki na robo.

"Yatatosha?"

"Kwa jasho la kawaida, ndiyo."

Hakuwa na hakika. Alisema hivyo kwa sababu walikuwa wanawake wawili wanaomtazama.

Saa kumi na moja kasorobo waliachia. Mota ya kipepeo ilivuma chini ya mbao, chelezo kikajitoa kwenye kichuguu na kuingia kwenye mkono wa pili wa mto. Mikaeli alishika usukani kwa mkono mzima. Hakuelekeza pua kwenye moshi. Aliielekeza juu, kinyume cha mkondo kidogo, ili mto wenyewe uwateremshe pale wanapotaka.

"Milima iwe bega la kulia," alisema.

"Ipo bega la kulia," alijibu Nasinkoi.

Walikwenda polepole mno. Gogo liliwapita. Mbuzi aliyekufa aliwapita, amevimba, na nyuma yake yakawapita macho mawili ambayo hayakuwa ya gogo. Hakuna aliyeyataja. Katikati ya mkondo, sauti ya Kambale ilibadilika. Ilishuka, ikawa nzito.

"Mkonge umelowa umevimba," alisema Mikaeli. "Unabana. Mama Ruthi, mimi siwezi kuachia usukani. Weka mkono kwenye bomba. Lina joto?"

Nasinkoi alilala kifudifudi akaingiza mkono majini mpaka begani. "Lina joto."

"Legeza nati. Robo ya mzunguko."

Nasinkoi alitazama ile chupa ya dripu. Mafuta yalikuwa yamebaki vidole viwili. Akiilegeza, yangekwenda haraka. Mwili wake wote, na mama yake, na bibi yake, wote waliochota maji kwa saa tatu jua kali, walimwambia afunge. Na sauti nyingine, ya zamani zaidi ya mchana ule, ilimwambia kwamba huyu mtu ni mwongo.

"Robo tu!" alipiga kelele Mikaeli. "Niamini, tafadhali!"

Alilegeza. Chini ya mkono wake aliyahisi mafuta yakitoka, laini. Sauti ya mota ikapanda, ikawa nyepesi tena. Pua ya chelezo, iliyokuwa imeanza kugeuka chini, ikarudi juu. Na chupa ikaanza kuteremka mbele ya macho yao, kidole kimoja na nusu, kidole kimoja.

"Haitufikishi," alisema Bernadina. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. Zilibaki hatua mia moja.

Nasinkoi aliingiza mkono uliolowa ndani ya nguo zake akatoa chupa ya samli. Jua la kutwa lilikuwa limeiyeyusha, ya manjano, safi. Ilikuwa samli ya kumrudishia binti yake damu. Aliishika kwa mikono miwili, akasema jambo kwa Kimaasai ambalo lilikuwa kati yake na Enkai, Mungu wa kwao, akainuka kwa magoti na kuimimina kwenye chupa ya dripu. Hakumwaga nje hata kidogo.

Kambale alikunywa samli ya mzazi. Alikunywa yote, akaiacha ikimeremeta kwenye maji nyuma yao, na chelezo kikakwaruza majani ya ukingo wa Handeni chupa ikiwa tupu.

Bernadina alishuka akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na minane, magotini maji, begi kichwani, alikimbia kuelekea kwenye moshi na hakugeuka.

Mikaeli alibaki nje ya nyumba, ameketi kando ya ua wa miiba, mkono umemvimba hadi kiwiko. Alisikia Ruthi akilia, akasikia Bernadina akimfokea kwa upendo, kisha kimya kirefu ambacho alikishuku kuliko kitu chochote alichowahi kukishuku. Jua lilikuwa linagusa miti aliposikia sauti ndogo, kali, ya mtu mwenye hasira na dunia.

Nasinkoi alitoka amebeba kibuyu cha maziwa. Alimpa kwa mikono miwili.

"Ni msichana. Mama yake ameomba samli. Nimemwambia imenywewa na samaki."

"Amesemaje?"

"Amecheka. Mtu anayecheka hafi." Alisimama kidogo, akiangalia ng'ombe wakiingia bomani. "Fundi. Yale mahindi yako. Walikuwa ng'ombe wetu. Mchungaji alilala, na mimi nilijua, nikanyamaza."

Wahenga walisema umdhaniaye ndiye siye. Hawakusema lolote kuhusu umdhaniaye ambaye kumbe ndiye. Mikaeli alikuwa amelingoja neno hilo mwaka mzima na alikuwa na majibu yake tayari, makali, kwa mpangilio. Alikunywa maziwa. Alipomaliza, majibu yote yalikuwa yamempotea.

"Nilijua," alisema tu, kisha akamshukuru kwa Kimaasai. "Ashe."

Mafuriko yalipopungua alirudi na mota ya pampu yao iliyoungua, aliyoisuka upya mwenyewe. Boma lote lilikusanyika kisimani. Sola ikashika, pampu ikavuta, maji yakapanda kwenye birika la ng'ombe, na pale kwenye shafti likatokea tone. Likaanguka. Likatokea jingine. Mzee mmoja akainama kunyoosha mkono kwenye nati, na Nasinkoi akaugonga mkono huo kwa fimbo, si kwa nguvu sana lakini kwa sauti ya kusikika. Akaweka kibuyu chini ya tone.

Mikaeli alitoa kichupa cha rangi nyekundu mfukoni. Alifungua, akachovya brashi, akaisogeza karibu na nati. Alimtazama Nasinkoi. Kisha akafunga kichupa, akakirudisha mfukoni, akaenda kunawa mikono.